Blanketi Ambayo Baba Hakuikata

Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka jana, kabla ya chai ya saa nne, baba alitutoka katika hospitali ya misheni kule Lugulu. Alituachia mama, shamba la mahindi Tongaren, ng'ombe wachache, na pijo yake ya zamani iliyokuwa imesimama kando ya ghala. Mambo mengi ya baba nimeyalia na yakapoa. Lililobaki ni kiti kimoja cha gari hilo, kiti cha dereva.

Pijo ile ilikuwa ile ndefu ya nyuma, yenye taa za mviringo na kutu chini ya milango. Baba aliinunua kwa mkono wa pili kabla sijazaliwa. Ilibeba magunia, ikabeba wagonjwa, na ilipozeeka kabisa watu wakaanza kuiomba kwa harusi, ati inapendeza kwenye picha. Baba aliipaka nta hadi unajiona usoni. Lakini ndani ilikuwa imechoka. Ngozi ya viti ilipasuka kwa jua, sponji ya njano ikawa inamong'onyoka na kushika nguo za Jumapili, na springi zikatokeza.

Kwetu, mwanamume akija kwa wazazi wa msichana huleta ng'ombe, lakini pia huleta blanketi, moja ya baba na moja ya mama. Ng'ombe wanaweza kungoja miaka. Blanketi haingoji, kwa sababu ndiyo inayosema kwamba waliomlea msichana wamefunikwa, hawakuachwa kwenye baridi. Na si hizi nyepesi za dukani. Wazee hutaka ya kufumwa, nzito, ile ukiikunja inakaa kama mtu aliyeketi.

Dada yangu mkubwa alipoolewa, mume wake alileta ya baba ikiwa nyekundu yenye mistari myeusi. Mama aliitandika kitandani. Siku iliyofuata baba aliitandua.

"Unaipeleka wapi?" mama akamwuliza.

"Kwa gari."

"Blanketi ya mkwe? Watu wakalie na matako yao?"

"Sasa kitandani nani ataiona? Wewe tu! Na wewe ushaiona."

Alichukua makasi, akaikata kufuata umbo la kiti cha abiria cha mbele, akaishona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, akiivuta kwa meno. Alishona siku nzima. Jumapili ile kila aliyeketi pale aliulizwa kama amekaa vizuri, na kila aliyesema ndiyo aliambiwa blanketi imetoka kwa nani. Dada yangu wa pili alipofuata, yake ilikuwa ya bluu na kijivu, na ikaenea kiti chote cha nyuma. Watu wa harusi waliipenda pijo kwa sababu ya zile blanketi. Bibi arusi akikaa juu ya ile ya bluu gauni halikushikwa na sponji, na kwenye picha ilionekana kama gari limevaa.

Kikabaki kiti cha dereva. Baba alikitandikia gunia.

"Hiki ni cha huyu," alisema akinionyesha kwa kidole, mimi kitinda mimba, nikiwa bado msichana wa shule. "Nakiwekea nafasi."

Nilimaliza darasa la nane, nikaenda Kitale kujifunza cherehani, na huko nikapatana na mwanamume ambaye sasa ni baba watoto wangu. Watu wao walitoka mkoa wa kati zamani, wakakaa upande wa Kachibora, wanalima viazi na karoti. Ni mtu mzuri. Hanywi, hapigi, anajua kucheka. Tulianza kukaa pamoja huko kwao, ingawa watu wa kwetu walisema Kitale tu, tukisema tutaenda nyumbani baada ya mavuno. Mavuno yakaja, na mtoto akaja. Mwaka mwingine viazi vikaoza kwa mvua. Mwaka mwingine ni karo. Hakuna siku tuliyosema hatutaenda. Tulisema tu mwaka ujao, tukasema tena, mpaka tukawa na watoto wawili na baba anawajua wote kwa majina, na bado alikuwa anaendesha gari akikalia gunia.

Hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa na mzaha wake. Nikienda nyumbani alinipokea stendi, akashuka akijinyoosha, mkono kiunoni.

"Mama," aliniita hivyo, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, "huu mgongo unauliza, huyo mkwe wa Kitale anakuja kwa miguu ama anatambaa?"

Mimi nilicheka. Yeye alicheka. Halafu aliingia tena, na nilisikia springi zikilia chini yake njia nzima. Nikikaa mbele nilikaa juu ya blanketi ya dada mkubwa. Nikikaa nyuma nilikaa juu ya blanketi ya dada wa pili. Hapakuwa na mahali pa kukaa ndani ya gari lile ambapo sikukumbuka.

Mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza, nilifanya nililofanya. Kachibora kuna mama anayefuma blanketi za sufu ya kondoo wa milima ya Cherangany. Hazitiwi rangi; zinabaki kahawia na nyeupe kama kondoo mwenyewe, na zikinyeshewa zinanuka zizi. Niliuza kuku wangu, nikashonea watu sare za shule hadi macho yakauma, nikainunua moja. Sikumwambia baba watoto. Nilimwambia naenda kumsalimia mama.

Ninajua vizuri ubaya wake. Mtoto wa kike hajileti mwenyewe. Ukimfunika baba yako kwa mkono wako na kusema ni mkono wa mume wako, umempa baba kitu ambacho hakipo, na umemnyang'anya mume wako kitu ambacho angetoa. Lakini siku ile nilijiambia ni mgongo tu. Mzee anaumwa mgongo, blanketi itamsaidia. Nilijiambia hivyo njia yote hadi Tongaren.

Baba alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilimwekea kifurushi mbele yake.

"Baba, hii ametuma."

Hakuuliza nani. Aliifungua, akaipima uzito kwa mikono miwili, akainusa.

"Hii ni kondoo kweli," alisema. Kisha akanitazama. "Na yeye hana miguu?"

"Yuko shamba, baba. Mvua imewashika na mbegu."

Uongo wangu ulikuwa huo, na ulikuwa mfupi. Baba aliipapasa ile blanketi kama anayetafuta mshono. Halafu akamwita mama, wakasimama wote wawili, akaomba kwa lugha yetu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu ambaye wakati huo alikuwa shambani kwake hajui lolote. Niliinamisha kichwa. Nilisema amina.

Nilipokwenda tena, blanketi ilikuwa kwenye kiti cha dereva. Baba alishuka stendi bila kushika kiuno. Kanisani aliwaambia wazee wenzake, "Mkwe wa Kitale amekumbuka mgongo wangu," na wao wakampongeza. Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi kabisa, na kwa miezi mingi sikuhisi vibaya. Nilianza hata kuamini. Na kwa kuwa mzaha wa mgongo uliisha, sikumsukuma tena baba watoto. Yeye akitaja safari ya nyumbani, nilisema, "Si lazima sasa, tungoje." Kabla ya hapo sikuwahi kusema tungoje. Yeye ndiye aliyekuwa akisema.

Baba akaugua, na mambo yakaenda haraka.

Siku ya mazishi, baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyepanga watu. Wakwe walikuwa na tenti yao. Kwetu mwanamume aliyekaa na binti bila kuonekana kwa wazazi haketi kwenye tenti ile; anakaa na majirani, nyuma, na hakuna anayemfukuza wala anayemwona. Baba watoto alijua hivyo, nilikuwa nimemweleza miaka mingi nyuma. Alikuja na suti yake moja, akaenda moja kwa moja nyuma kwa majirani, akashika kofia yake mkononi.

Baba mdogo akamfuata. "Wewe si wa Kitale? Unakaa huku kama mpita njia kwa nini? Njoo kwa wenzako, bana."

Akamshika mkono, akampeleka, akamketisha kati ya waume wa dada zangu. Nilikuwa mbali na wanawake lakini niliona shingo yake ikigeuka, akinitafuta.

Kisha chakula kikaja. Senje, dada yake baba, alimletea sahani yeye mwenyewe. Juu ya wali kulikuwa na firigisi. Firigisi ya kuku kwetu haiwekwi ovyo. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa.

"Kula, mkwe," senje akasema kwa sauti ya kusikika tenti nzima. "Wewe ndiye ulimfunika ndugu yangu mgongo. Hata siku tulimpeleka hospitali aliendesha mwenyewe, amekalia blanketi yako."

Baba watoto alitazama sahani. Akamtazama senje. Halafu akanipata mimi kwa macho, na sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alisema, "Asante, mama," akala. Alikula pole pole, chote, kama mtu anayemeza dawa mbele ya daktari.

Aliondoka jioni ile kurudi kwa ng'ombe na watoto. Alinipa mkono tu.

Siku ya tatu tulikaa kikao. Tulinyolewa, na baada ya kunyolewa mzee husimama na kuuliza kama kuna mtu anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, aseme mbele ya watu, kwa sababu baada ya hapo neno limefungwa. Baba mdogo alisimama na fimbo yake. Jirani alisema juu ya jembe la ng'ombe aliloazima, likarudishwa. Mwingine alisema juu ya mpaka. Kisha baba mdogo akasema, "Upande wa mabinti, wakwe wote wamemkumbuka mzee. Hakuna mwenye kubaki. Ama kuna mwenye neno?"

Alingoja. Kweli alingoja, si kwa mchezo. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa na upepo ulikipiga, na nilikuwa nimeketi chini miguu imenyooshwa, na kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kusimama. Dada yangu mkubwa alikuwa amenishika mkono kwa sababu alidhani natetemeka kwa kulia.

"Basi," akasema baba mdogo. Na neno likafungwa.

Kesho yake kaka yangu alisema gari lioshwe. Lilikuwa limebeba watu, maturubai na sufuria wiki nzima na lilijaa matope hadi ndani. Akaniita tutoe blanketi tuzioshe. Ile nyekundu ya mbele ilitusumbua. Baba alikuwa ameishona hadi kwenye vyuma. Ilibidi tukate uzi kwa wembe, mshono mmoja mmoja, na ilipotoka ilikuwa na umbo la kiti, imepindapinda, haifai tena kitu kingine. Ya bluu vilevile, vipande vitatu.

Kaka akageukia kiti cha dereva na wembe wake. Akainama. Akacheka kidogo.

"Kumbe hii haijashonwa."

Niliangalia. Blanketi ilikuwa imekunjwa mara nne na kulazwa juu ya kiti, sehemu ikipanda nyuma ya mgongo, na imefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyopitishwa chini na kufungwa fundo la kuvutwa. Kaka alivuta, mara moja, fundo likaachia. Blanketi ikaja mikononi mwangu nzima. Hakuikata popote. Pindo zote zilikuwepo, na kona moja bado ilikuwa na uzi aliouacha yule mama wa Kachibora. Chini yake kulikuwa na gunia, lile lile, mahali pake.

"Macho yalikuwa yamemwisha," kaka akasema. "Hangeweza kutunga uzi."

Inawezekana. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na ningependa liwe hivyo. Lakini Pasaka ile kabla hajaugua baba alimshonea mtoto wangu mkoba wa shule uliokatika kamba, kwa sindano ile ile ya magunia, mbele yangu. Ni kweli mkoba si kiti, na kamba ni mshono mdogo. Lakini pia ninajua mtu hukata kilicho chake. Kitu ambacho siku moja utakirudisha, unakikalia kwa uangalifu. Kama alijua, basi aliomba ile sala akijua, na aliwaambia wazee wa kanisa akijua, na alishuka stendi bila kushika kiuno ili mimi nione. Sijui. Sitajua. Niliiosha ile blanketi, maji yakatoka ya kahawia na yakanuka zizi, na mwishoni yakanuka baba.

Sikumwachia kaka aitandike tena. Nilisema ina kazi Kitale.

Nyumbani baba watoto aliniona nikiingia nayo. Tulikuwa tunachambua maharagwe mezani ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Hiyo ndiyo blanketi yangu?"

Nikamweleza yote. Kuku, sare, mama wa Kachibora, hii ametuma. Alichambua maharagwe hadi nikamaliza.

"Kwa hivyo nilikula firigisi ya mtu mwingine," akasema.

"Nilitaka mgongo wake upone."

"Unajua mimi nilikuwa nimeongea na wazee wetu? Tulikuwa twende mwaka ule, baada ya viazi. Nilitaka nikuambie, wewe ukasema tungoje." Akasukuma changarawe pembeni kwa kidole. "Ati tungoje. Nikafikiri labda unanionea aibu mimi."

Angepiga kelele ningeweza kujibu. Aliinuka akaenda kukamua. Kwa siku nyingi tuliongea mambo ya watoto na mvua tu.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, asubuhi moja alitoa ile blanketi juu ya kabati, akaikunja. "Twende Tongaren. Nitaibeba mimi."

Aliibeba kweli. Kutoka barabarani hadi kwa mama aliishika mbele kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mama alituona tukija. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Yeye alibaki karibu na lango, mama akabaki mlangoni, na mimi nikawa katikati nikipeleka maneno ambayo wote waliyasikia vizuri.

Nilimwambia mama ukweli hapo hapo nimesimama. Nilisema haikutoka kwake, ilitoka kwangu, na yeye hakujua. Sasa ameileta mwenyewe. Mama aliniangalia. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe tupu.

"Ilikuwa imefungwa na mpira," akasema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Akapangusa mikono kwenye leso. "Mwambie baba watoto asante kwa safari. Mwambie sina neno naye. Lakini hiyo ni ya mzee, na mzee hapokei tena. Mimi siwezi kumpokelea. Yangu ataniletea siku atakayokuja na wazee wao."

"Mama, si uichukue tu, ujifunike?"

"Ati nijifunike na ya mtu mwingine? Wewe bado hujachoka?" Alisema bila ukali, na ilinichoma zaidi kwa hilo. Kisha akaita jikoni chai iletwe, mkwe apelekewe yake pale alipo.

Baba watoto alikunywa chai amesimama. Blanketi aliiweka begani, haikugusa ardhi.

Kaka yangu alisema atatupeleka barabarani kwa pijo, mvua ilikuwa inakuja. Baba watoto alikaa mbele, nami nyuma, juu ya ngozi iliyopasuka na sponji, kwa kuwa zile za dada zangu hazikurudi tena sawasawa baada ya kufuliwa. Blanketi ilikuwa mapajani mwangu. Kaka aliingia, akaketi, akaruka.

"Aii! Hii springi itaniua. Mzee alikuwa anavumilia aje?" Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Dada, nipe hiyo blanketi nikalie hadi barabarani tu."

Baba watoto alitazama mbele, kwenye kioo.

"Hii bado haijaletwa," nikasema.

Kaka aligeuka kunitazama, kisha akamtazama shemeji yake, kisha akashuka. Alienda ghalani akarudi na gunia, akalikunja mara mbili, akalitandika. Pijo ilikataa kuwaka mara ya kwanza. Ya pili ikawaka, na tukaondoka.